Mgonjwa wa Stoo

Afisa wa forodha wa uwanja wa ndege wa Jeddah aliinua chupa yangu ya jamu akaiangalia kwenye taa. Ndani hamkuwa na jamu. Kulikuwa na maji ya rangi ya chai, na juu yake ulielea utando mnene wa kahawia, unaoteleza kama ini. Nilikuwa nimeifunga kwa kanga mbili na mfuko wa nailoni, na bado ilikuwa imevujia viatu vyangu vya kazini.

"Hiki kitu gani?" akauliza kwa Kiarabu.

"Khal," nikamjibu. Siki.

Akafungua, akaingiza pua, akaitoa haraka macho yamemlowa. "Khal," akakubali, huku tayari anamtazama mtu aliyekuwa nyuma yangu. "Halas. Yalla, yalla."

Nikafunga sanduku, nikatoka nje kwenye joto, na mbele ya dereva wa Kiganda aliyetumwa na hospitali kunipokea nikaangua kilio. Maskini kijana wa watu akauliza nani amefariki. Nikamwambia baba yangu, mwezi uliopita. Ilikuwa kweli, lakini sicho kilichoniliza. Kilichoniliza ni lile neno moja, khal. Mara ya mwisho kumsikia mwanamume wa nchi hii akilisema baada ya kunusa siki yetu, nilikuwa mtoto, nimejificha nyuma ya gauni la mama yangu kule Riyadh.

Sasa siki hiyo iko jikoni kwangu, mtaa wa Ruwais, kwenye mtungi wa kioo uliofunikwa kitambaa. Naifanyia kachumbari. Mara moja moja nailisha zabibu za Taif zilizoiva kupita kiasi, zile ambazo muuza matunda huziweka kando jioni. Jirani zangu Wakenya wananitania kwamba nafuga mnyama. Wengine huniuliza ilikuwaje nikarudi kufanya kazi katika nchi iliyonifungia ndani nikiwa mtoto. Huwajibu kwamba kazi ni kazi, na wakizidi kunikazania nawauliza kama wao wana nyingine ya kunipa. Lakini nikifunua kile kitambaa, harufu ikinipanda puani, sipo Jeddah tena. Nipo kwenye kile chumba cha Riyadh na Baba.

Tulikuwa watatu. Mama alikuwa muuguzi kwenye zahanati ya mtu binafsi, mtaa wa Sulimaniyah. Mwenye zahanati, Abu Turki, ndiye aliyekuwa kafili wake, yaani mdhamini wake serikalini, ndiye mwenye nyumba tuliyokaa, na ndiye aliyezifungia pasipoti zetu kwenye kabati lake la chuma. Mtu mmoja alikuwa ameshika kazi yetu, paa letu na njia yetu ya kurudi kwetu. Mama alimwita bosi. Baba alimwita mzee wa funguo, ila kwa sauti ya chini, na chumbani tu.

Baba hakuwa na kazi. Ikama yake, kile kibali cha kukaa nchini, ilikuwa imeandikwa kwamba yeye ni mfuasi wa mkewe na haruhusiwi kufanya kazi. Nilipomuuliza kama haruhusiwi hata kuosha vyombo, akacheka, akasema kwa bahati mbaya hilo walilisahau. Mimi nami sikuwa na shule, kwa kuwa karatasi zangu zilikuwa "njiani", na njia hiyo ilikuwa ndefu kuliko ya kutoka Dodoma hadi Riyadh. Kwa hiyo Mama aliondoka asubuhi na sare yake nyeupe chini ya abaya, mlango wa chuma ukafungwa, na tukabaki mtu na babaye hadi jioni.

Sijui nikieleze vipi chumba kile kwa mtu ambaye hajawahi kufungiwa. Madirisha yalikuwa yamebandikwa karatasi za kung'aa ili jua lisiingie na watu wasituone. Kiyoyozi kilinguruma kutwa kucha, nasi tukazoea kusemezana kwa kupaza sauti, hata tulipokuwa tumekaa goti kwa goti. Mchana na usiku vilifanana. Tulitoka Ijumaa jioni, tukazunguka mtaa kidogo, tukanunua mkate, tukarudi. Nilijifunza kuhesabu vigae, kisha nikachoka navyo. Baba alijifunza kulala mchana, na kwa mwanamume aliyezoea jembe, hilo ni tusi. Nilikuwa nikimwona amekaa kitandani, ameweka mikono juu ya mapaja, anaitazama kama vitu alivyoazimwa.

Siku moja nilichimba karatasi ya dirishani kwa ukucha, nikapata tundu la kuchungulia uani kwa Abu Turki. Nikaona majani. Nikamwita Baba aje aone. Aliweka jicho pale.

"Mzabibu," akasema. "Masikini ya Mungu, wamemwacha akawa kichaka."

Lazima niseme hapa kwamba Baba alikuwa mtu wa zabibu. Kwetu ni nje kidogo ya Dodoma, kwenye ule udongo wa ukame na jua ambako mahindi hukata tamaa lakini mzabibu unanenepa. Babu alikuwa na shamba, na divai yake ndiyo iliyowekwa kwenye meza ya Bwana kanisani kwetu. Wanawe wote walifundishwa kupogolea kabla ya kufundishwa kunyoa ndevu. Na walikuwa na utani wao. Mwaka ambao divai ya mmoja wao iliharibika ikawa siki, nduguze walimwendea nyumbani kwake na kitunguu kwenye sahani, wakamkabidhi mbele ya mkewe na watoto: haya, tuambie kachumbari italiwa lini. Aliyepewa kitunguu alikaa nacho hadi mavuno mengine. Baba alinisimulia hayo mara nyingi pale chumbani, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba yeye hajawahi kupewa.

Kulikuwa na Mkenya aliyefanya kazi za ndani kwa Abu Turki, anti Naliaka, mwanamke wa Bungoma mwenye kicheko kikubwa alichokuwa akikibana kwa mkono. Yeye hata Ijumaa hakutoka. Alikuwa akipanda ngazi kutuletea ujumbe wa madam, mke wa Abu Turki, na hapo hapo akaiba dakika za kuzungumza Kiswahili. Baba akamuuliza kuhusu ule mzabibu.

"Hiyo kitu? Ni majani tu, Baba Nyemo. Mimi kazi yangu ni kufagia. Matunda mafi, kama wanavyosema hawa Waarabu: hakuna."

Baba akamsumbua Mama mpaka Mama akamwomba bosi ruhusa. Abu Turki hakuona ubaya. Mtu akitaka kukusafishia ua bure, utakataa? Basi asubuhi moja ya kipupwe Baba akashuka na mkasi, nami nikashuka naye, na nakumbuka ule upepo wa baridi ulivyonigusa shingoni kama mkono wa mtu. Akakata. Akakata matawi yote hadi kikabaki kisiki na vidole vichache. Kisha vidole vile vikaanza kutoa maji, tone kwa tone, kila palipokatwa.

"Baba, unalia!"

"Mzabibu uliopogolewa vizuri hulia, mwanangu. Usiolia umekufa."

Madam hakuwa amefundishwa hayo. Aliona kisiki kikivuja maji, akapiga makelele yaliyofika barabarani, na siku kadhaa Mama alirudi kutoka kazini uso umemshuka kwa sababu bosi hakuitikia salamu yake. "Ukituponza kwa ajili ya mti, Baba Nyemo," alisema, "mimi sijui tutaficha wapi nyuso." Lakini machipukizi yakatoka, kisha vishada, na joto kali lilipofika ua mzima wa Abu Turki ulikuwa unaning'inia zabibu nyeusi. Yule mzee alipanda ngazi zetu mwenyewe, mara yake ya kwanza, anahema. Nyuma yake anti Naliaka amebeba makreti.

"Riziki yako," akamwambia Baba. "Kuleni."

Watu watatu hatuwezi kumaliza makreti ya zabibu kwenye joto la Riyadh. Tulikula hadi midomo ikauma. Tuliwapa majirani. Siku ya pili nyuki walianza kugonga vioo, na zile zilizobaki zikaanza kulainika. Nilimwona Baba akizunguka zile zabibu huku na huku. Halafu akafunga mlango kwa ndani, akaniosha miguu kwa sabuni mara mbili, akaniweka ndani ya beseni la kufulia.

"Kanyaga."

Sijapata kufurahi hivyo tena ndani ya nyumba ile. Zabibu zilipasuka chini ya nyayo zangu, maganda yakaniingia katikati ya vidole, maji yakapanda mpaka kwenye vifundo vya miguu, vuguvugu na matamu. Baba aliniimbia kwa Kigogo, nikacheza. Mikono yake ilikuwa imepata kazi, nayo haikutazamwa tena. Alimimina vyote kwenye pipa la bluu tulilowekea maji ya akiba, akalisogeza stoo, chumba kisicho na dirisha kilichokuwa na ndoo na mifagio, akalifunika.

Baada ya siku chache pipa likaanza kutoa sauti. Baba akakaza kifuniko, akatoboa tundu, akapitisha mpira wa dripu aliouchomoa kwenye mkoba wa Mama, akauziba kwa nta ya mshumaa. Ncha nyingine akaitumbukiza kwenye chupa ya maji. Maji yakawa yanabubujika: bwab, kimya, bwab.

Mimi nilijua dripu ni ya nini. Mtoto wa muuguzi huyajua hayo kabla ya herufi. Nikauliza mgonjwa ni nani.

Baba alinitazama. Nadhani alikuwa anatafuta neno la kumnyamazisha mtoto. "Tuna mgonjwa humu," akasema. "Anapumua polepole. Usimguse, usipige kelele, na usimwambie mtu. Apate kupona."

Nikaamini kila neno. Kila asubuhi Mama akiondoka nilikwenda kulaza sikio kwenye pipa. Nilimsikia mgonjwa akinong'ona ndani. Nilimhurumia sana, kwa kuwa sisi angalau tulikuwa na tundu la dirishani, na yeye alikuwa gizani kabisa, amefunikwa kifuniko, hana hata shimo la kuchungulia. Nilimsimulia niliyoyaona uani. Nikamwahidi kwamba karatasi zake zikitoka, ataruhusiwa, na sisi tukiruhusiwa tutakwenda naye.

Mgonjwa wangu ndiye aliyemfikia Mama kabla ya harufu. Jioni moja alikuwa amevua viatu, ananyoosha miguu, nami nikataka kumfurahisha, muuguzi kwa muuguzi. Nikamwambia mgonjwa wetu leo anapumua vizuri kuliko jana.

"Mgonjwa yupi?"

Alikwenda stoo bila kuvaa hata kandambili. Aliporudi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alizima taa ya jikoni kama mtu anayejificha, akakaa chini, akasema, "Baba Nyemo, hapa si Dodoma. Hapa kwa hiki kitu ni jela. Mimi ikama yangu imebeba watu watatu. Wakinikuta nacho, wewe jela, mimi jela, na huyu mtoto atabaki na nani?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, mkono juu ya fremu. Akasema yeye hanywi, na Mama anajua. Akasema hakutaka kuuza wala kulewa. Alitaka tu kuona kama mikono yake bado inajua.

"Imejua," Mama akamjibu. "Sasa mwaga chooni."

"Nivute maji juu yake? Kazi yangu ya kwanza katika nchi hii, niivutie maji kama uchafu?"

"Lisilo budi hutendwa."

Hawakusemezana siku ya pili wala ya tatu. Nyumba ambayo ilikuwa ndogo ikawa ndogo zaidi. Walipishana kwenye korido kama watu wa familia mbili, na mimi katikati nikaelewa jambo moja tu, kwamba mgonjwa wetu hatakiwi, na kwamba wanabishana kama atakufa ama hatakufa. Anti Naliaka alipokuja na kikapu cha nguo, alisimama ngazini, akavuta hewa, macho yakamtoka.

"Baba Nyemo. Kwetu mama yangu anapika chang'aa, mimi siwezi danganywa na hiyo harufu."

Baba hakukana. Akatazama chini. Anti Naliaka akaingia ndani, akafunga mlango, akaongea kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuijua kwake.

"Madam ameanza kuuliza hii ni harufu ya nini. Nimemwambia ni drainage. Lakini kama ni ya zabibu kweli, nipatie kidogo tu, kijiko. Sijashiriki meza ya Bwana tangu nikuje hapa. Nitaombea huko jikoni, nikunywe, halas, imeisha."

Baba aliingia stoo, akatoa kikombe cha chai. Anti Naliaka alipiga goti pale pale kwenye kapeti letu, akafumba macho, midomo ikicheza. Akanywa. Alipofumbua macho hakumwambia Baba asante. Alimwambia, "Mungu akusaidie uiondoe hii kitu haraka." Akachukua kikapu chake akashuka. Nilijiuliza kwa nini watu wanakunywa dripu ya mgonjwa, lakini watu wazima walikuwa na mambo mengi yasiyoeleweka na nikaliacha hilo pamoja na mengine.

Jioni hiyo Mama aliporudi, Baba alimngoja amalize kuvua abaya. Akamchukua mkono, wakaenda stoo, mimi nyuma yao. Akachota kwa kijiko, akampa. Mama alikuwa mlokole, kitu hicho hakijapata kupita midomoni mwake nje ya kanisa. Alikitazama kile kijiko, akakinywa. Baba naye akaonja. Kiyoyozi kilinguruma kule chumbani. Sikuona nyuso zao vizuri. Niliona tu Mama ameshika kijiko kitupu kama mtu aliyesahau alitaka kufanya nini nacho.

Kisha Baba akasema, "Simwagi. Nitaifungua."

Akaenda jikoni, akarudi na kitunguu na kitambaa cha chandarua. Akauvuta mpira wa dripu taratibu, nta ikakatika. Bwab ya mwisho ikasikika na chupa ikatulia. Akakifungua kifuniko chote. Harufu ikatoka kwa nguvu, tamu, ikajaa stoo, ikajaa korido. Akatandaza kile kitambaa juu ya mdomo wa pipa, akakifunga kwa kamba, na kitunguu akakiweka juu ya kifuniko alichokilaza sakafuni kando ya ukuta.

Nikaelewa mara moja. Dripu imetolewa. Amefunguliwa. Kitunguu ni dawa ya mafua, Mama alikuwa akiniwekea kando ya mto. Mgonjwa wetu amepona, ameruhusiwa, na sasa anapumua hewa kama watu wengine!

Nikapiga makofi. Niliruka juu na kupiga makofi kwa nguvu, nikaimba kabisa wimbo tuliouimba tulipokuwa tunazikanyaga zabibu. Mama akageuka ghafla kuniziba mdomo. Baba akamshika mkono, akamnong'oneza jambo, na Mama akaniacha. Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka.

Katika joto lile, divai ikipata hewa, siki haikawii. Lakini kuna majuma ya kati ambayo kitu kimekwisha kuacha kuwa divai na bado hakijawa siki, na majuma hayo ndiyo tuliyoishi kwa pumzi za juu juu. Mama alichoma ubani asubuhi na jioni. Kila hatua ya ngazini ilitukausha mate. Na siku moja hatua zile zikawa za kweli, nzito, za mtu anayehema. Abu Turki alisimama mlangoni. Mkewe amechoka na harufu, alisema, anataka kuona bomba.

Nilijificha nyuma ya gauni la Mama. Baba hakubishana, alimpeleka stoo, akafunua. Abu Turki aliinama juu ya pipa, akanusa, akachovya kidole, akakiweka ulimini. Akafumba jicho moja. Sikumbuki ilichukua muda gani, nakumbuka tu mkono wa Mama ukinibana sikio bila yeye mwenyewe kujua.

"Khal," akasema yule mzee. Akachovya tena. Akacheka, meno yote nje. "Wallahi, khal! Kama ile ya mama yangu."

Alibeba chupa mbili siku hiyo hiyo. Madam akapenda. Jamaa zao wakapenda. Mwaka uliofuata makreti yalipanda ngazi zetu tena, mara hii yakiwa na amri: tengeneza khal. Na mwaka wa tatu vilevile. Abu Turki aliwaleta wageni wake kumwona Baba, akawatambulisha, huyu ndiye mtu wa siki. Karatasi zangu za shule zikatoka ghafla, naamini kwa sababu ya siki. Baba alipokea pongezi zote kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Mimi nilijivuna sana darasani kwamba baba yangu ni bingwa. Sikujua kwa nini kitunguu kile hakikupikwa. Kilichipua majani pale stoo, kikanywea, kikakauka, na Baba hakukitupa mpaka tulipopewa pasipoti zetu, tukaondoka.

Tuliporudi Dodoma Baba alilirudia shamba la Babu. Alipogolea, alivuna, aliwauzia wengine zabibu. Divai hakutengeneza tena, na nduguze walipomtania alisema amezeeka. Ule utando wa siki ndio alioubeba kutoka Riyadh kwenye chupa ya jamu. Aliutunza kwenye mtungi jikoni kwa Mama hadi alipofariki.

Baada ya mazishi, watu walipopungua, nilikuwa na Mama jikoni tunasafisha masufuria. Nikauona ule mtungi, na ili tucheke kidogo nikamkumbusha siku aliyoruhusiwa mgonjwa, nilivyopiga makofi. Mama hakucheka. Akaweka sufuria chini.

"Ulikuwa unajua ile ni nini, siku ile?"

"Siki, Mama."

"Haikuwa siki. Siku ile ilikuwa divai, mwanangu, na ilikuwa imekamilika. Mimi sijui divai, lakini nilipoonja kile kijiko nilitaka cha pili, Mungu anisamehe. Baba yako aliniambia Babu yako hakuwahi kufikia pale. Wala nduguze. Alisema hata yeye hatafika tena. Kisha akaifungua ife, kwa mikono yake, ili sisi tusifungwe. Na kitunguu akajipa mwenyewe, kwa kuwa nduguze hawakuwepo kumpa."

Nilikuwa nikiona viganja vyangu vidogo vikigongana mbele ya uso wake.

"Na mimi nikapiga makofi," nikasema.

"Ukapiga makofi. Nilitaka nikunyamazishe, nikashikwa mkono." Mama alilichukua tena sufuria, akalisugua mahali palipokwisha kung'aa. "Aliniambia, 'Mwache. Mwache aamini kuna mmoja wetu ametoka humu ndani.'"